Kuigiza kwa kulipwa Dar es Salaam: namna ya kuitwa mara ya pili

Nafasi ya kwanza ya kuigiza Dar es Salaam mtu anaweza kuiokota tu. Binamu anamjua prodyuza, mwigizaji aliyepangwa kaugua, au dairekta kapita kijiweni Sinza akaona sura anayoitafuta. Nafasi ya pili haiokotwi. Hiyo huamuliwa na watu ambao sura zao hazipo kwenye bango: mhariri, anayejua kama teki zako (marudio ya kupiga tukio lilelile) zinaungana, mshika mwendelezo, anayejua kama ulikumbuka ni mkono gani ulioshika kikombe, na meneja uzalishaji, anayejua ulifika saa ngapi na uligombana na nani. Dairekta akitaja jina lako kwa kazi inayofuata, kuna mtu kati ya hao watatu ataguna au atanyamaza. Mengi ya hapa chini yanahusu namna ya kumfanya asigune.

Kazi ziko wapi

Enzi za kanda na DVD soko lilikuwa Kariakoo, na kilichouza ni sura iliyokaa kwenye kava. Uharamia uliliumiza soko lile, intaneti ikalimalizia, na pesa ikahamia kwenye televisheni. Leo kazi inayomweka mwigizaji wa kawaida mjini ni tamthilia. Azam TV na chaneli yake ya Sinema Zetu, pamoja na Maisha Magic Bongo ya DStv, ni wanunuzi wakubwa, na kampuni nyingi za uzalishaji zinaandaa kazi kwa ajili yao. Tamthilia haikutajirishi, ila inakupa miezi badala ya siku. Filamu ndefu yenye bajeti ya kueleweka ni bahati ya mara chache. Usipange kodi ya nyumba juu yake.

Matangazo ya biashara hulipa vizuri kwa siku, ila siku zenyewe ni chache na yana mitego yake, tutaifikia. Filamu za elimu za mashirika (afya, kilimo, haki za watoto) hazina mbwembwe na hakuna atakayekupigia makofi barabarani kwa ajili yake, lakini mara nyingi zina mkataba ulioandikwa na zinatafuta watu wanaofanana na watu. Tamthilia za YouTube ni shule nzuri kuliko chanzo cha pesa. Ukizifanya, uliza mapema chaneli ni ya nani na mapato yanagawanywaje, kwa sababu video ikipata watazamaji wengi ndipo undugu unapoisha.

Kazi ambayo waigizaji wengi huisahau ni kuingiza sauti. Tamthilia za Kituruki na nyingine za nje zinazoonyeshwa kwa Kiswahili zinahitaji sauti za wazee, vijana, mama wakwe na watoto. Hapa hakuna anayejali uzito wala rangi yako. Unatakiwa usome mstari kwa mara ya kwanza bila kusikika unasoma, uanze mdomo wa mhusika unapofunguka na umalize unapofungwa. Jizoeze nyumbani: zima sauti ya tamthilia yoyote, andika maneno yako mwenyewe, yarekodi kwa simu, kisha yasikilize huku ukitazama picha. Kiswahili kirefu kuliko mdomo ndicho kikwazo cha kila siku. "Nitakuja kukuchukua kesho asubuhi" italazimika kuwa "Kesho asubuhi nakufuata", na msomaji anayeweza kufupisha hivyo papo hapo haachwi.

Kujifunza

TaSUBa, Bagamoyo, inafundisha sanaa za maonyesho tangu ilipoitwa Chuo cha Sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya sanaa bunifu. Asiye na ada wala muda ana njia ya zamani, kikundi. Kanumba na Ray walipitia kikundi cha Kaole kabla ya kujulikana kwenye filamu, na faida ya kikundi haijabadilika: mazoezi ya kila wiki mbele ya watu wasiokuogopa.

Tatizo la kikundi ni sauti ya jukwaani. Mtu aliyezoea kusikika hadi nyuma ya ukumbi akiwekewa kamera mita moja na nusu anafoka bila kujua, na kufoka ndilo jambo linalozichosha familia mbele ya televisheni kuliko jingine lolote. Dawa ni ya simu. Chukua mistari kumi, ipige mara tatu: mwili mzima, kuanzia kiunoni, halafu uso peke yake. Kwenye ile ya uso, ongea kwa sauti ambayo ingemfikia mtu aliyekaa mkeka mmoja na wewe, basi. Kisha tazama bila sauti. Nyusi zikiwa zinapanda kwenye kila neno zito, punguza nusu, rudia. Kichwa kisichotulia kinamlazimisha mpiga picha kukufuata, naye atalisema hilo.

Kabla hujapigiwa

Picha tatu zinatosha: uso, kuanzia kiunoni, na mwili mzima. Mwanga wa asubuhi, ukuta usio na maua, nguo ya rangi moja isiyo na nembo, bila kichujio chochote. Picha iliyolainishwa ngozi inakupatia usaili na kukunyima kazi, maana anayeingia mlangoni si yule aliyeitwa.

Wasifu uwe ukurasa mmoja: jina unalotumia kazini, urefu kwa sentimita, umri unaoweza kuuigiza (mfano 25 hadi 35), lugha na lafudhi, ujuzi, kazi ulizofanya, namba ya simu inayopatikana. Lafudhi ni mali. Anayeweza kuongea kama mtu wa Pemba, wa Moshi au wa Usukumani bila kuwadhihaki wenyewe ana milango ambayo mtu wa Kiswahili cha Dar pekee hana. Kwenye ujuzi usiongeze chumvi. Ukiandika unaendesha pikipiki, siku moja utakabidhiwa pikipiki na abiria nyuma.

Video ya kazi zako isizidi dakika mbili, na uso wako uonekane ndani ya sekunde tano za mwanzo. Usianze na jina linalozunguka na muziki. Usiweke sini (tukio moja la hadithi) ambayo mwenzako ndiye anayeng'aa, hata kama ni mtu maarufu; anayeangalia ataishia kumuulizia yeye. Kama huna kazi bado, tengeneza sini mbili za sekunde arobaini na mwenzako, moja ya utulivu na moja ya mgongano.

Video ya usaili

Usaili mwingi sasa huanza kwa ujumbe wa WhatsApp: kurasa mbili za skripti na "tuma video kesho saa sita". Hapa ndipo wengi wanapochujwa, na mara nyingi si kwa uigizaji mbovu. Wanachujwa kwa sababu hawaonekani au hawasikiki.

Laza simu, tumia kamera ya nyuma, iweke kwenye stendi usawa wa macho yako, mita moja na nusu hivi kutoka ulipo. Fremu ianzie kifuani na iache nafasi ndogo juu ya kichwa. Mwanga uwe mbele yako ukiwa umeegemea upande mmoja kidogo. Ukisimama na dirisha nyuma unakuwa kivuli. Ngozi nyeusi inahitaji mwanga mpana na laini, si balbu kali inayong'arisha paji la uso, kwa hiyo pazia jeupe juu ya dirisha linasaidia kuliko taa. Kausha jasho kwa tishu kwa kubonyeza, usifute.

Sauti ndiyo vita ya Dar. Zima feni, chomoa friji, subiri adhana iishe na bodaboda zipite. Chumba kitupu chenye vigae kinarudisha mwangwi, hivyo tundika mablanketi nje ya fremu au rekodia chumbani kwenye godoro na nguo nyingi. Maiki ya kubana kifuani yenye waya ni bei ndogo Kariakoo na inaondoa nusu ya matatizo hayo.

Anayekusomea mistari ya upande wa pili akae pembeni ya simu, kiganja kimoja kutoka kwenye lenzi, asome kwa sauti ya chini kuliko yako na bila kuigiza. Wewe mtazame yeye, si lenzi, na chagua jicho lake moja lile lililo karibu na kamera. Macho yanayohama kutoka jicho moja hadi jingine yanaonekana ya mtu mwenye wasiwasi. Lenzi unaitazama tu pale unapojitambulisha: jina, urefu, unapoishi, kisha geuka kushoto, kulia, umemaliza.

Tuma teki mbili zenye tofauti ya kweli. Kama ya kwanza mama anamfukuza mwanawe kwa hasira, ya pili amfukuze akiwa amechoka, hasira imeshaisha. Mwongozaji anatafuta mtu anayebadilika akiambiwa abadilike. Faili ipe jina lako na la mhusika, kisha itume kama hati, si kama video, maana WhatsApp huibana video ikawa ukungu. Ukishatuma, kaa kimya. "Vipi bosi, umeiona?" mara tatu kwa siku inakumbukwa vibaya.

Skripti isiyo na maneno

Uzalishaji mwingi wa bajeti ndogo hautakupa mazungumzo yaliyoandikwa. Utaambiwa: wewe umegundua mumeo kauza nyumba, yeye anakana, mtajaza wenyewe. Wengi hapo huachia mdomo, na kila teki inakuwa na maneno yake. Mhariri anapata pembe tatu za kamera ambazo hakuna mbili zinazoungana.

Kaa na mwenzako dakika kumi mkubaliane mambo matatu tu: sentensi ya kufungua, sentensi inayogeuza mambo, na sentensi ya kutokea. Pigeni mara mbili bila kamera. Chochote kilichotoka vizuri kikarudiwa kwenye teki ya kwanza, hicho ndicho skripti yenu sasa. Msikibadilishe pembe inayofuata.

Chukua glasi ya maji mkononi kwenye sini hiyohiyo. Kwenye picha pana ulisema "Nyumba ya watoto, Juma", ukanywa fundo moja, ukaweka glasi mezani kwenye neno "watoto". Sasa kamera imekuja usoni. Glasi ikitua kwenye neno "Juma", picha hizo mbili haziungani, na mhariri atakata kwenda kwa mwenzako, yaani sekunde yako bora imetupwa. Kwa hiyo kwenye picha pana fanya mambo machache ya mikono, na kila tendo lifunge kwenye neno. Kwenye sini za kula, mega tonge dogo, tafuna kidogo. Teki ya saba ya ugali haina huruma.

Usimkatize mwenzako wakati kamera iko kwako na yeye yuko nje ya fremu. Kwenye maisha tunakatizana, kwenye picha ya uso sauti zikipandana mhariri hawezi kuzitenganisha. Acha upenyo mdogo kama pumzi. Atakayezibana sauti hizo ni mhariri mezani.

Siku ya kushuti

Soma ratiba ya siku usiku uliotangulia na uhakikishe saa. Kampuni yenye wageni ikiandika 6:00 inamaanisha saa 12 asubuhi, na ikiandikwa saa 6 na Mtanzania inaweza kuwa mchana. Uliza. Lokesheni ikiwa Kigamboni na wewe unalala Tegeta, kwa kuitwa saa 12 asubuhi unatoka saa 10 alfajiri, maana foleni ya kivuko Magogoni haina rafiki na kuzunguka kwa Daraja la Nyerere kunakula muda wake. Kama uzalishaji hautoi usafiri wa alfajiri au wa baada ya saa 4 usiku, jambo hilo linaingia kwenye mazungumzo ya malipo mapema, si usiku ule ukiwa unatafuta bajaji.

Waigizaji wengi hapa hujivika wenyewe. Beba nguo tatu hadi tano zilizopigwa pasi. Epuka mistari myembamba na kitenge chenye nukta ndogo zilizobanana, vinachezacheza kwenye kamera. Epuka nyeupe kabisa na nembo za kampuni. Kila sini inapokwisha piga picha ya ulichovaa, pamoja na hereni, saa na nywele, andika namba ya sini. Sini inayofuata kwenye hadithi inaweza kupigwa wiki tatu baadaye.

Kwa sababu hiyohiyo nywele zako si zako peke yako mpaka tamthilia iishe. Kusuka upya, kunyoa ndevu, kupaka rangi kucha: uliza kwanza. Mtu aliyeingia mlangoni na rasta akatokea sebuleni na kipara anaigharimu kampuni siku nzima ya kurudia, na jina lake linazunguka mjini kabla hajafika nyumbani.

Makofi na ngumi havipigwi kweli, hata mwenzako akisema "nipige tu, nitavumilia". Mkono unapita shubiri moja mbele ya uso, kamera inakaa upande unaoficha pengo, anayepigwa anageuza kichwa, sauti inaongezwa baadaye. Kofi la kweli hulipati sawasawa mara mbili, na teki ya nne shavu limevimba. Sini za mapenzi zijadiliwe kabla ya siku yenyewe na ziandikwe: nini kitaguswa, nini kitaonekana, nani watakuwepo chumbani. Anayekushtukiza nazo mbele ya kamera unaruhusiwa kumwambia hapana mbele ya watu wote.

Simu iwe mbali, na usiweke picha ya seti kwenye status. Chaneli iliyonunua tamthilia hailipii hadithi ambayo Instagram imeshaimaliza.

Karatasi na pesa

Kuwa na namba ya NIDA na TIN ya TRA. Kampuni iliyosajiliwa kwa kawaida itakata asilimia 5 kama kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Omba cheti chake, kwani kiasi hicho kinahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Chama cha waigizaji, TDFAA, kina faida hasa siku ya mgogoro, kwa hiyo jiunge kabla haujatokea. Kibali cha kupiga filamu kutoka Bodi ya Filamu ni jukumu la prodyuza, si lako, lakini kuulizia kama kipo ni njia ya haraka ya kujua unafanya kazi na nani.

Mkataba ukiwa kurasa mbili za Kiswahili unatosha, mradi useme: siku ngapi za kushuti na saa ngapi kwa siku, malipo kiasi gani, nusu lini na nusu lini (lililo salama ni sehemu kabla ya siku ya kwanza, salio kabla ya siku ya mwisho), siku ikiahirishwa nani anabeba hasara, ukirudishwa kurudia sini au kuingiza sauti unalipwa nini, jina lako litaandikwaje kwenye kazi. "Ikishauzwa tutakulipa" si tarehe.

Kwenye tangazo, siku ya kushuti ndiyo sehemu ndogo. Unachouza ni sura yako kwa muda. Uliza mambo manne na uyaone yameandikwa: litatumika wapi (televisheni, mabango, mitandao), nchi zipi, kwa miezi mingapi, na je umezuiwa kufanya tangazo la mshindani. Tuseme umelipwa laki tano kwa siku moja ya tangazo la benki. Zinaonekana nyingi hadi unapogundua kuwa mkataba umesema "muda wote", bango lako liko Mwenge mwaka wa tatu, na benki nyingine iliyokuja na zaidi ya hizo haikuweza kukuchukua kwa sababu wewe ni sura ya jirani. Malipo ya siku na malipo ya matumizi yatenganishwe, na baada ya muda kwisha waje upya mezani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji kama mwenye haki juu ya uigizaji wake, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo ya kuulizia. Ndiyo maana mikataba mingi ina kipengele cha wewe kuziachia haki hizo. Kukisaini si kosa, ila kisaini ukijua unauza nini.

Wanaokula waigizaji wapya

Usaili halali haulipiwi. Fomu, "ada ya kambi", pesa ya kupigwa picha na mpiga picha wao tu: ondoka. Pia jihadhari na usaili wa usiku hotelini au kwenye nyumba ya mtu, hasa ukiambiwa uje peke yako. Usaili wa kweli una mahali panapojulikana, mchana, na zaidi ya mtu mmoja chumbani. Kwenda na mwenzako si ushamba.

Kutakiwa mwili ili upate nafasi ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja kama kosa. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu, na piga TAKUKURU 113, ni bure. Nenda kabla hujakubali wala kukataa. Wakiwa wamejua mapema wana nafasi ya kumnasa anayedai.

Ukiwa hujalipwa

Anza na ujumbe mmoja wa maandishi wenye heshima: kazi gani, tarehe zipi, kiasi gani, ulitarajiwa kulipwa lini, na siku saba za kujibu. Usianze Instagram. Ukimwanika mtu kabla ya kumdai rasmi, mjadala utahama kutoka deni lake kwenda tabia yako, na wazalishaji wengine wanasoma. Siku saba zikipita, peleka nakala ya ujumbe, mkataba na picha za seti kwenye chama. Mara nyingi simu ya kiongozi wa chama hufanya kazi ambayo zako kumi hazikufanya. Ikishindikana kuna mahakama, na hapo kila risiti ya malipo ya simu na kila ratiba ya siku uliyoitunza ni ushahidi. Wasio na mkataba wanaweza kudai pia, ila watahitaji mashahidi: mtu wa sauti, mpishi, dereva. Hao huwa wanakumbuka nani aliwasalimia.